Kikamulio cha mopu cha kukanyaga: mguu wako unaangukia wapi?

Ndoo ya kwanza niliyoiuza ilirudi baada ya siku nne. Mama aliyeinunua hufanya usafi katika nyumba moja ya wageni hapa Kisumu. Aliileta kwa bodaboda, akaishusha mbele ya karakana yangu karibu na soko la Kibuye, akasema kwa upole, "Fundi, ndoo yako inapiga magoti."

Nikadhani gurudumu limevunjika. Nikakagua yote manne, mazima. Nikajaza maji, nikatumbukiza mopu, nikaiweka kwenye kikamulio na kukanyaga. Ikakamua sawasawa. Mama hakubishana nami. Aliinamisha ndoo, akamwaga nusu ya maji mtaroni, akairudisha mbele yangu. "Haya, sasa kanyaga." Magurudumu ya upande wa pili yakainuka, ndoo ikanilalia miguuni, na maji yote yakaenda chini.

Miezi miwili nilikuwa nimehangaikia namna ya kukamua kwa nguvu zaidi. Kumbe kukamua ndiyo sehemu rahisi. Yeyote aliyesoma habari za wenzo shuleni anaweza kuufanya mguu wa kawaida ubane kama jeki. Kinachotenganisha ndoo nzuri na mbaya ni njia ambayo nguvu ya mguu inapita mpaka kufika sakafuni, na mimi nilikuwa sijaifikiria hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndoo, fremu na kikamulio vilikuwa na uzito wa kilo 7. Ikijaa, ilibeba lita 18 za maji, yaani kilo 18 nyingine, jumla kilo 25. Kutoka katikati ya ndoo hadi mstari wa magurudumu ya mbele ni sentimita 15. Zidisha: 25 kwa 15 ni 375. Hiyo ndiyo nguvu inayoishikilia ndoo isianguke mbele. Kanyagio langu nalo lilitokeza sentimita 12 nje ya mstari huo wa magurudumu. Mtu akikanyaga kwa nguvu ya kilo 25, ambayo si nyingi kwa mtu mzima, inayoangusha ni 25 kwa 12, yaani 300. Kwa kuwa 300 ni ndogo kuliko 375, ndoo inasimama. Sasa mwaga nusu ya maji. Uzito umebaki kilo 16, mara 15 ni 240. Mguu bado ni 300. Ndoo lazima ilale.

Mimi nilikuwa nikiijaribu ikiwa imejaa tu. Mama yule alikuwa akipanda ngazi nayo, na hakuna mtu mwenye akili anayebeba lita 18 kupanda ghorofani.

Angalia pia kile ambacho hakimo kwenye hesabu hiyo: mabamba yanayobana mopu, wenzo, springi, chochote kilicho ndani ya kikamulio. Hata ukizidisha nguvu mara kumi huko ndani, bamba linasukuma mopu, mopu inasukuma fremu, fremu inalishikilia bamba, na mambo yanaishia hapohapo. Kinachoangusha ndoo ni mguu na mahali unapotua. Ndiyo maana dawa ya kwanza inayomjia fundi ni mbaya. Unasema, "Nitarefusha kanyagio ili mtu asihitaji kukanyaga kwa nguvu." Ukilirefusha umelisogeza nje zaidi ya magurudumu. Na watu hawapimi nguvu wanapokanyaga. Wanaweka mguu, wanauegemea mpaka kanyagio ligote.

Niliyofanya ni kuunganisha miguu miwili ya chuma cha pembe mbele ya fremu, mmoja kulia na mwingine kushoto wa kanyagio, na kuyahamishia magurudumu ya mbele kwenye ncha zake, sentimita 16 kutoka yalipokuwa. Mguu wa mtu sasa unaangukia ndani ya magurudumu kwa sentimita 4. Kadiri unavyokanyaga ndivyo ndoo inavyozidi kutulia, iwe imejaa au imebaki na kikombe kimoja. Nafasi kati ya miguu hiyo miwili ni sentimita 22, kwa sababu mama yule huvaa gambuti kazini na gambuti ni pana.

Halafu ikaanza kukimbia. Hakuna mtu anayekanyaga wima kabisa. Mguu hutoka nyuma ukielekea mbele kidogo. Ukikanyaga kwa kilo 25 kwa mshazari wa digrii 15, takriban kilo 6 na nusu zinaisukuma ndoo mbali nawe, na juu ya terazo iliyolowa magurudumu hayahitaji hata hizo. Breki ya kufunga kwa mkono nimeiona kwenye ndoo nyingi na sijaona mtu akiitumia, maana mikono yote miwili iko kwenye mpini. Nilitengeneza kiatu cha mpira, kipande cha tairi kuukuu, mpira uleule wa akala, kikaning'inia chini ya wenzo. Kanyagio likishuka sentimita 2 za kwanza, kiatu kinagusa sakafu na kuing'ang'ania. Ukiachia, kinainuka na ndoo inatembea. Kazi imekuwa moja: ukikamua umefunga breki.

Sasa turudi kwenye kukamua kwenyewe, ambako kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolieleza.

Wenzo wa kawaida unauza nguvu na kununua mwendo, au kinyume chake. Wangu wa kwanza ulikuwa na sentimita 36 kutoka kwenye egemeo hadi penye mguu, na sentimita 9 kutoka kwenye egemeo hadi penye fimbo ya kusukuma bamba. 36 ukigawanya kwa 9 ni mara 4. Kilo 25 za mguu zinakuwa kilo 100 kwenye bamba, kabla ya msuguano kuchukua chake. Lakini bei yake ni kwamba bamba likitembea sentimita 1, mguu umetembea 4. Mopu ya nyuzi za pamba iliyolowa ina unene wa sentimita 10 hivi, na unataka uibane hadi 3. Bamba litembee 7, basi mguu utembee 28. Kidato kimoja cha ngazi ya kawaida ya nyumba kina kimo cha sentimita 15 hadi 18. Ninamwomba mtu apandishe mguu mmoja juu kuliko kidato, asimame kwa mguu wa pili, juu ya sakafu yenye sabuni. Huo ni mtego.

Jibu ni goti. Chukua vipande viwili vya chuma bapa vyenye urefu wa sentimita 12 kila kimoja, viunganishe kwa pini moja katikati, ncha moja uifunge kwenye fremu, ncha nyingine uifunge kwenye bamba. Ukisukuma pale kwenye pini ya katikati, vipande vinanyooka na bamba linasogea. Tazama linavyosogea. Kila kipande kikiwa kimeinama digrii 45 kutoka mstari ulionyooka, nguvu inayofika kwenye bamba ni nusu tu ya unayosukuma nayo, lakini bamba linakwenda haraka. Kwa digrii 30 ni pungufu kidogo ya unayotia. Kwa digrii 10 ni karibu mara 3. Kwa digrii 5 ni karibu mara 6, na bamba sasa linasogea kwa milimita tu.

Na hivyo ndivyo mopu inavyotaka. Mwanzoni ni laini, imejaa maji na hewa, haikatai. Unahitaji mwendo, si nguvu. Mwishoni imekuwa ngumu kama gogo, na kilichobaki ni kuibana kidogo sana kwa nguvu nyingi sana. Nilitia goti hilo mbele ya wenzo mfupi wa mara 2, nikaliachia litoke digrii 45 hadi 8. Bamba linatembea karibu sentimita 7 zilezile, mguu unashuka sentimita 14 tu, na pale chini kabisa kilo 25 zinatoka zikiwa zaidi ya 170. Nusu ya mwendo, na zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu ya mwisho. Sikuamini mpaka nilipoweka mizani.

Kwa nini digrii 8 na si 0? Goti likinyooka kabisa linajifunga, kama lako unaposimama wima. Likipita mstari, mtu atavuta kanyagio kwa mkono kulirudisha. Tena nguvu karibu na 0 inapanda bila kikomo, na siku kibanio cha chuma cha mopu kitakapoingia kati ya mabamba, fremu ndiyo itakayopinda. Kwa hiyo pana kizuizi, bolti ya milimita 10 yenye nati mbili, ambayo goti linagota kabla ya kunyooka.

Kuna wanaopenda rola, na wana hoja. Rola mbili zinabana mstari mwembamba tu wa mopu. Kilo 50 juu ya eneo la sentimita 20 kwa 2 ni kilo 1 na robo kwa kila sentimita ya mraba, wakati bamba langu la sentimita 20 kwa 10, na kilo zake 170, halifikishi hata 0.9. Maji nayo yanashuka vizuri kwa kuwa mopu inavutwa juu. Lakini nani anayeivuta? Mikono ileile tuliyotaka kuipumzisha. Na nyuzi zikijisokota kwenye ekseli ya rola, utakaa nazo na kisu. Kwa mopu bapa ya kitambaa rola ni nzuri sana. Kwa mopu ya nyuzi naziacha.

Mhispania Manuel Jalón Corominas, mhandisi wa ndege, aliona ndoo za namna hiyo Marekani, na mwaka 1956 akaanza kutengeneza mopu na ndoo zake huko Zaragoza. Baadaye rola ziliachwa, ikaja ile koni ya plastiki yenye matundu ambayo leo iko kila duka. Koni haina kinachoharibika, naiheshimu kwa hilo. Lakini unaisukuma na kuizungusha mopu kwa mikono, saa zote.

Na zile ndoo za plastiki zinazozungusha? Wateja wananiuliza kila wiki. Kanyagio linasukuma kipande chenye meno, meno yanazungusha gia, gia inazungusha kikapu. Ndani yake mna kitu ambacho kila mwendesha baiskeli anakijua, friwili: mguu ukipanda, kikapu kinaendelea kuzunguka bila kurudishwa nyuma. Maji yanarushwa nje. Kikapu chenye nusu kipenyo cha sentimita 11 kikizunguka mara 300 kwa dakika, kila tone linasukumwa nje kwa nguvu ya kama mara 11 ya uzito wake. Mopu inatoka karibu kavu. Nyumbani, nunua. Kazini, ambako mtu anakamua asubuhi nzima, haitadumu, kwa sababu mguu unapiga ghafla wakati kikapu kimesimama na kina mopu nzito, na mshtuko wote unapita kwenye jino moja au mawili ya plastiki. Nimefungua kadhaa zilizokufa, na mara nyingi nilichokuta ni meno ya mwanzo yamelika na mengine mazima.

Vifaa nitavisema kwa ufupi, ila springi siwezi kuipita. Springi ya kurudisha kanyagio inaliwa na maji ya klorini kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ni waya mwembamba unaojikunja na kujinyoosha kila mara, na kutu ikianza kuchimba kitundu, hapo ndipo itakapokatikia. Niliitoa chini, nikaifunga juu ya ukingo wa ndoo, upande wa nje. Nikiikosa ya ukubwa ninaoutaka, hutumia ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokunjwa mara mbili. Hauoti kutu, na mama mwenyewe anaweza kuubadilisha. Nguvu yake iwe ya kuinua bamba na kanyagio tu, basi. Kila kilo unayoongeza kwenye springi unaikata kwenye mguu wa mtu.

Bushi za nailoni, vile vibomba vidogo ambamo pini hupita, zilinipa somo lingine. Nilizichonga zikakaa barabara kwenye pini ya milimita 12, kitu cha kuonea fahari. Baada ya wiki moja ya maji, goti lilikuwa limekaza kama lililochomelewa. Nailoni hunywa maji na kufura. Siku hizi naacha pini na bushi zilegee kidogo, sehemu tatu za kumi za milimita, na kwa mkono mkavu inaonekana kama kazi ya kizembe. Ulegevu huo unasaidia pia wakati wa masika, viatu vinapoleta ndani ule udongo mweusi wa tambarare za Kano, hapa karibu na Kisumu. Mchanga wake mwembamba huingia kwenye pini pamoja na maji, na ukikosa njia ya kutoka unasaga chuma kama msasa.

Mama wa nyumba ya wageni alichukua ndoo yake ya pili mwezi wa nne. Alipokuja kuichukua hakuuliza lolote kuhusu goti. Aliinama, akamimina maji kiasi cha jagi moja, akaweka mopu, akakanyaga, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye magurudumu ya nyuma.