Kalamu ya nibu ya bei mbaya na biki ya dukani: tofauti iko wapi hasa

Mtu akisikia kuna kalamu inauzwa kama dola elfu moja swali lake huwa moja tu, inaandika nini ambacho biki haiandiki? Jibu ni kwamba haiandiki chochote cha ziada, barua ni ileile na saini ni ileile. Sasa kwa nini watu wananunua, hapo ndo pana maneno.

Kwanza tuzielewe zenyewe. Biki na peni zote za ukoo wake zina kagololi kwenye ncha, ile BIC Cristal ya kawaida gololi yake ni kama milimita 1 hivi, inabiringika na kila ikibiringika inabeba wino mzito wa mafuta kutoka kwenye mrija inaupaka karatasini, na ili ibiringike lazima ukandamize. Kalamu ya nibu haina gololi. Ina kibamba cha chuma kilichopasuliwa katikati, wino wake ni wa maji, unafuata ule mpasuko wenyewe na ukigusa tu karatasi unatoka, yaani kukandamiza hakuna. Ndo maana wanaoandika kurasa nyingi kwa mkono wanaisifia, vidole havichoki haraka. Na ndo maana mtu wa biki ukimwazima anaharibu: anaishika kwa nguvu, meno mawili ya nibu yanatanuka, na badala ya mstari mmoja inatoka mistari miwili myembamba yenye weupe katikati kama reli, halafu anakurudishia anakwambia peni yako mbovu.

Zamani hii ndo ilikuwa peni ya kazi, haikuwa pambo. Lewis Waterman alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kalamu yake ya nibu New York mwaka 1884 kwa sababu ishu kubwa ya kalamu za wakati ule ilikuwa wino kumwagika au kugoma kutoka, watu walitaka kitu cha kuandikia tu basi. Mwaka 1938 mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, akasajili kalamu yake ya gololi, na 1950 Marcel Bich akaitoa BIC Cristal kule Ufaransa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule anaimudu. Kuanzia hapo kalamu ya nibu ikaanza kunyang'anywa kazi. Ofisi zikaiacha, shule nyingi zikaiacha, na kampuni zilizobaki zikaona afadhali kuuza heshima. Za gharama zilikuwepo tangu kitambo, kampuni ya Montblanc walianza kutoa kalamu yao ya Meisterstück mwaka 1924, ila kwa mtazamo wangu biki ndo iliyoifanya kalamu ya nibu iwe kitu cha anasa kama tunavyoijua leo.

Sasa hiyo hela inaenda wapi? Sehemu inaenda kwenye nibu ya dhahabu, karati 14 au 18. Na hapa wengi hawajui, ile ncha inayogusa karatasi sio dhahabu, dhahabu ni laini ingelika upesi, kwa hiyo wanachomelea kichembe cha madini magumu ndo kinasuguliwa mpaka kiteleze vizuri. Dhahabu ilikuwa na maana kweli enzi za wino mkali uliokuwa unakula chuma, leo chuma cha pua kinatosha kabisa. Sehemu nyingine inaenda kwenye kazi ya mikono, Wajapani wana zile za kupakwa laka na kunyunyiziwa unga wa dhahabu, maki-e, na hapo kusema kweli unanunua mchoro. Na sehemu nono inaenda kwenye jina. Kwenye nibu ya Meisterstück wamechonga 4810, ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyokuwa unahesabiwa zamani, haisaidii kuandika hata herufi moja lakini mwenye nayo lazima akuoneshe.

Kati ya biki na hizo za anasa kuna kundi ambalo watu wanalisahau: kalamu ya nibu ya kila siku. Lamy Safari ya Ujerumani, ya tangu 1980, ni plastiki na nibu ya chuma, ilitengenezwa ikilenga wanafunzi, bei yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo Montblanc na inaandika safi. Kutoka biki kwenda Safari mkono unasikia tofauti, kutoka Safari kwenda ya dola elfu moja tofauti kubwa anaisikia mfuko. (Ile Parker ya kwenye boksi watu wanayopewa wakigradueti mara nyingi hata sio ya nibu, ni Jotter, ya gololi, hiyo ipo tangu 1954.)

Ila kuna kazi biki haina mpinzani. Kitabu cha risiti chenye kaboni, hapo bila kukandamiza kopi ya chini haionekani, nibu utaivunja bure. Daftari letu la kawaida nalo karatasi yake inakunywa wino wa maji, herufi zinaota ndevu na ukigeuza ukurasa unakuta maandishi yametokea upande wa pili. Karatasi ikilowa, wino mwingi wa maji unachuruzika, wa biki unabaki. Wa mkono wa kushoto ndo kabisa, kiganja kinapita juu ya wino mbichi.

Na biki huihudumii. Kalamu ya nibu ukiitia wino ukaisahau kwenye droo wino unagandia ndani na siku ya kusaini mkataba inagoma, iwe ya dola thelathini au elfu moja inagoma vilevile. Dawa yake ni maji ya kawaida ya baridi, unailoweka nibu, unabadilisha maji mpaka yatoke meupe, usiweke ya moto wala spiriti, hiyo inaweza kuharibu plastiki.