Eliya alilishwa kwanza, akaulizwa baadaye

Mtu akimwendea mtumishi wa Mungu na kusema, "Nimechoka, naogopa, hata kuomba siwezi," mara nyingi huondoka ameongezewa kazi. Afunge siku tatu. Aje mkesha wa Ijumaa. Aikemee roho ya uchovu. Sina ugomvi na mfungo wala mkesha. Nimekulia katika kanisa linalokesha. Ila kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale, na wengi wa wanafunzi wangu ni wainjilisti. Kila tunapofika 1 Wafalme 19, sura ya nabii Eliya akimkimbia malkia, huwa nawaomba waweke kando mahubiri waliyoyazoea, tutazame Mungu mwenyewe alifanya nini alipokuwa na mtu wa namna hiyo mikononi mwake.

Wainjilisti wanaielewa sura hii kuliko mimi. Mwinjilisti wa mtaa anaongoza ibada Jumapili, Jumamosi ana watoto wa kipaimara, katikati ya wiki ana jumuiya, na misiba haina ratiba. Posho ikichelewa, shamba ndilo linalomlisha, na shambani nako anakwenda akitoka msibani. Mtu huyu ukimwambia Eliya aliomba afe, hashangai.

Tuanze pale hadithi inapoanzia, kwenye ushindi. Karne ya 9 kabla ya Kristo, Israeli chini ya mfalme Ahabu imepitia ukame hadi mwaka wa tatu. Eliya anasimama mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, mungu wa Wakanaani, moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi wakilia, "BWANA ndiye Mungu." Siku hiyo hiyo anaua manabii wa Baali kijito cha Kishoni, anapanda tena mlimani kuomba mvua huku mtumishi wake akitumwa mara saba kuangalia bahari, kisha mvua inapokuja anakaza mshipi na kupiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Hiyo ni karibu kilomita 25, kwa miguu, kwenye mvua, mwishoni mwa siku ya namna ile.

Usiku ule, au asubuhi yake, unakuja ujumbe wa malkia Yezebeli: kesho wakati kama huu nitakufanya kama ulivyowafanya wale. Nabii ambaye jana hakuogopa mfalme wala umati anakimbia mpaka Beer-sheba ya Yuda, zaidi ya kilomita 150 kusini.

Wahubiri wengi hapa humsema Eliya. Alimwondolea Mungu macho, wanasema, akamtazama mwanamke. Mimi sioni hivyo, na Biblia yenyewe haimkemei popote katika sura hii. Tazama ule ujumbe. Aliyedhamiria kuua hutuma askari. Yezebeli alituma mjumbe, akampa Eliya siku nzima ya kuondoka. Nadhani alimtaka akimbie, kwa sababu nabii aliyeuawa siku moja baada ya Karmeli angekuwa shahidi, na nabii aliyetoroka ni aibu tu. Kitisho cha aina hiyo mtu aliyelala na kula angekichambua. Eliya hakuwa na nguvu za kuchambua chochote.

Kuna jambo la pili, nalo naona linauma kuliko uchovu. Baada ya moto ule alikuwa na haki ya kutegemea kwamba nyumba ya mfalme ingegeuka. Ahabu aliona kila kitu kwa macho yake. Akarudi nyumbani akamweleza mkewe, na ikulu ikabaki ile ile. Ukiwa umeomba miaka, jibu likaja hadharani, na bado mambo yakarudi palepale, uchovu unaokupata si wa misuli. Wale mliowahi kumwombea ndugu akaacha pombe, akashuhudia kanisani, na mwezi uliofuata mkamkuta kilabuni, mnajua.

Kule Beer-sheba Eliya anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu. Huu si mti wa kivuli. Ni kichaka cha jangwani chenye matawi membamba kama fito za ufagio, kivuli chake kimejaa matundu. Mizizi yake hutoa makaa makali, ndiyo maana Zaburi 120 inataja makaa ya mretemu. Hapo anasema, "Yatosha," anaomba BWANA aiondoe roho yake, analala.

Jibu la Mungu ni mkono wa malaika unaomgusa na maneno mawili: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. (Makaa yalikuwa ya mretemu? Andiko halisemi, ingawa nimemsikia mhubiri mmoja akijenga mahubiri mazima juu yake.) Anakula, anakunywa, analala tena. Na hapa ndipo huwa nasimama darasani: malaika hakumzuia kulala mara ya pili. Hakumwambia kwamba sasa umekula, tuanze maombi. Alimwacha, akarudi baadaye, akamgusa tena, akamlisha tena, akampa sababu moja tu, kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko uwezo wake.

Hakuna swali lililoulizwa mpaka sasa. Ombi la kufa halikujibiwa wala halikulaumiwa. Mungu aliyemlisha kwa kunguru kando ya kijito cha Kerithi, kisha kwa unga na mafuta ya mjane wa Sarepta, anamlisha mara ya tatu, na safari hii mlaji hana hata imani ya kuomba chakula. Ninapofundisha juu ya kumtumaini Mungu katika uchovu, naanzia hapo. Tumaini la Eliya siku ile lilikuwa na ukubwa wa kuinuka, kumega mkate, na kulala tena bila kuona haya. Mungu aliupokea ukubwa huo.

Kwa nguvu za chakula kile alikwenda siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Namba hiyo inamrudisha msomaji kwa Musa aliyekaa siku 40 katika mlima uleule. Lakini angalia pia mwendo. Kumbukumbu la Torati 1:2 inahesabu siku 11 kutoka Horebu mpaka Kadesh-barnea, ambayo iko kusini ya Beer-sheba kwa mwendo wa siku chache. Siku 40 ni mwendo wa polepole sana. Mtu aliyeshindana na farasi wa Ahabu sasa anajikokota. Nguvu alizopewa zilikuwa za kweli, na hazikumrudishia mbio.

Ndiyo maana nina wasiwasi kidogo na jinsi tunavyoitumia Isaya 40:31. Utaiona kwenye kalenda, kwenye fulana za kwaya, nyuma ya daladala: "bali wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya, watapanda juu kwa mbawa kama tai." Mara nyingi nukuu inaishia kwa tai. Aya inaendelea: watapiga mbio, kisha inamalizia na watu wanaokwenda kwa miguu na hawazimii. Maneno haya yanawasemesha watu wa uhamisho wa Babeli, ambao Yerusalemu yao ilibomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo, na ambao malalamiko yao yameandikwa aya nne tu juu yake, kwamba njia yao imefichwa, BWANA haioni. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliporuhusu warudi, mwaka 538, hakuna aliyeruka. Baadaye kuhani Ezra alisafiri na kundi lake kutoka Babeli, wakatumia miezi minne njiani. Kwa watu hao ahadi ya kutembea bila kuzimia ndiyo iliyowafikisha, na mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko ile ya mbawa.

Turudi Horebu, pangoni. Sasa ndipo swali linakuja: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anajibu kwa hotuba inayosikika kama imekaririwa njia nzima: nimeona wivu mwingi kwa ajili ya BWANA, Israeli wameliacha agano, wamewaua manabii, nami nimesalia peke yangu, nao wanitafuta waniue.

Peke yake? Sura moja nyuma Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alimwambia ana kwa ana kwamba ameficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akiwapa chakula na maji. Eliya alikuwa na taarifa hiyo. Hofu haikumfanya aseme uongo; ilifuta tu wale 100 kwenye hesabu yake. Na mtumishi pekee aliyekuwa naye alimwacha Beer-sheba mwenyewe. Nimekaa na watu wengi wanaosema "sina mtu," na huwa siwabishii. Naomba tu tutaje majina, polepole, ya watu waliowapigia simu mwezi huu.

Upepo unapita, tetemeko linapita, moto unapita, kisha inakuja sauti ndogo, ya utulivu. Mahubiri mengi yanaishia hapo, na mwisho wake ni mzuri mno: Eliya alisikia sauti, akapona. Soma aya ya 13 na 14. Sauti inamuuliza swali lile lile, naye anajibu kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Kukutana na Mungu kule mlimani hakukubadilisha hata sentensi moja ya huzuni yake.

Nilichukua muda kulikubali hili, kwa kuwa sisi tunafundishwa kwamba ukiguswa na uwepo wa Mungu uchovu unakatika papo hapo. Wakati mwingine hukatika, nimeona. Lakini mtu anaweza kuwa mbele za Mungu kweli kweli na bado akawa na maneno yale yale mdomoni, na asiambiwe kwamba hana imani. BWANA hakuyajibu yale maneno kwa kumsahihisha kwanza. Alimpa njia ya kurudi na kazi: amtie mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu (Siria), Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii badala yake. Mwishoni, kama taarifa ya ziada, akamwambia kuna 7,000 ambao magoti yao hayakumsujudia Baali.

Sasa fuatilia ile orodha ya kazi tatu katika vitabu vya Wafalme. Eliya mwenyewe anaonekana akishughulika na moja tu, ya Elisha, ambaye anamkuta akilima na kumtupia vazi lake. Hazaeli anapewa habari za ufalme na Elisha, miaka baadaye, huko Dameski. Yehu anatiwa mafuta na mwanafunzi wa manabii aliyetumwa na Elisha. Kwa hiyo nguvu mpya ya Eliya ilikuja na mzigo ambao sehemu yake kubwa ilibebwa na mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Musa pia. Katika Hesabu 11 anamwambia Mungu kwamba hawezi kuwachukua watu hawa peke yake, afadhali amuue, na jibu ni wazee 70 watakaobeba pamoja naye.

Kwa wanaoniuliza wafanye nini, nasema mambo ambayo hayasikiki kama ya kiroho. Lala. Kula kwa wakati. Usikae peke yako na ujumbe wa kitisho, uwe wa simu au wa daktari au wa mtu anayekudai. Mwonyeshe mtu aliyelala vizuri kuliko wewe. Kama huwezi kuomba kwa maneno yako, soma Zaburi moja kwa sauti, hata ile ya 88 ambayo inaishia gizani bila kujipatia mwisho mwema, na useme amina. Usiamue kuacha huduma, ndoa au shule ukiwa chini ya mretemu.

Na ombi la Eliya la kufa tusilichukulie kama lugha ya picha. Ikiwa wazo hilo linakurudia, mwambie mtu leo, na uende hospitali. Hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ndipo pa kuulizia kitengo cha afya ya akili. Dawa na ushauri wa huko haviko upande wa pili wa imani. Malaika alikuja na mkate na maji, vitu vya kawaida kabisa.

Wazee wa kanisa mnaosoma hapa, nina neno na ninyi pia. Mwinjilisti wenu akianza kusahau majina, akikasirikia watoto wa kipaimara, akihubiri hubiri lile lile Jumapili tatu, msiitishe kikao cha kumwombea yeye akiwa ndiye mwenyekiti wa kikao. Mpeni Jumapili mbili za kukaa nyumbani. Mtafuteni wa kuongoza ibada, hata kama ni mzee anayesoma hubiri kitabuni. Misiba ya wiki hizo mgawane. Na posho yake ilipeni kabla hajaondoka, sio akirudi.