Ukaguzi kabla ya kufukia: kalavati ni nini hasa, na mkaguzi anatafuta nini shimoni

Ukimwambia dereva wa Fuso "niletee makalavati manane", atakushushia mabomba manane ya zege pembeni ya barabara na kudai chake. Hajakosea. Kwa Kiswahili cha mtaani, kalavati ni lile bomba. Lakini mhandisi akisema kalavati fulani limekufa, huenda anazungumzia bomba ambalo halina hata ufa. Kwake kalavati ni kitu kizima: sakafu ya shimo lililochimbwa, tandiko lililowekwa juu ya sakafu hiyo, bomba, udongo ulioshindiliwa pembeni na juu yake, na kuta za midomo miwili, ule wa kuingilia maji na ule wa kutokea. Bomba ndilo pekee linalonunuliwa likiwa tayari. Vingine vyote vinatengenezwa palepale, na karibu vyote vinafukiwa siku hiyohiyo.

(Wapo wanaoandika karavati. Sina ugomvi nao.)

Lisichanganywe na mtaro, ambao uko wazi na unakwenda sambamba na barabara, wala na chemba, ambayo ni shimo la kushukia kwenye bomba la majitaka. Kalavati linapita chini ya barabara, maji yavuke upande wa pili na gari lipite juu. Likiwa la pembe nne, la zege iliyomwagwa juu ya nondo, mafundi wanaliita boksi. Humu nazungumzia lile la mviringo, kwa sababu ndilo linalobadilishwa mara nyingi kwenye barabara ndogo, zikiwemo za ndani ya bustani na misitu ya hifadhi.

Nilianza kuliangalia jambo hili kwa makini baada ya kalavati la mtaani kwetu, Dar es Salaam, kubadilishwa kati ya Ijumaa jioni na Jumapili. Jumatatu asubuhi tulipita juu yake tukifurahi. Masika ilipoanza, mwezi wa tatu, barabara ilizama pembeni mwa bomba, hatua moja tu kutoka katikati, na bajaji ikaacha gurudumu la mbele humo. Walipofukua, bomba lilitoka zima kabisa, safi, unaweza kuliuza tena. Pembeni yake palikuwa na pango ambalo mtoto angeweza kujificha. Maji hayakuwa yakipita ndani ya kalavati peke yake. Yalikuwa yamepata njia nyingine nje ya bomba, na kila mvua yaliondoka na udongo kidogo.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. Bomba la zege la kipenyo cha sentimita 90, lenye ukuta wa sentimita 10 na urefu wa mita moja, lina uzito wa kilo 750 hivi. Ni kitu kigumu, lakini ni duara. Duara likilazwa juu ya sakafu bapa linagusa chini kwa mstari mwembamba tu, na uzito wote wa udongo wa juu pamoja na lori la taka unateremka hadi kwenye mstari huo. Bibi zetu walilijua hili bila kwenda chuo. Mtungi wa tako la duara haukai kichwani wala mezani bila kata, ile pete ya kitambaa au majani inayoushika kwa kuuzunguka. Bomba nalo linataka kata. Kata yake ni tandiko la mchanga au changarawe lililochongwa kufuata umbo la bomba, pamoja na udongo unaosukumiwa chini ya mbavu zake, kuanzia sakafuni hadi nusu ya kimo chake. Sehemu hiyo ya chini ya mbavu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mashine haiingii. Inashindiliwa kwa mti wa mkono, kwa subira, na mtu amepiga magoti. Na ndiyo ya kwanza kurukwa jua likishakuwa kali.

Udongo wa Dar es Salaam wenyewe hausaidii sana. Sehemu kubwa ya jiji iko juu ya mchanga wa pwani, ambao ukiwa mkavu unakimbia kama sukari, na ukipata maji yanayotembea unaondoka nayo. Ukishuka mabondeni, kwa mfano kando ya Mto Msimbazi unaoanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander, unakutana na mfinyanzi na tope jeusi. Mfinyanzi una tabia mbaya ya kuvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo barabara inapanda na kushuka kufuata majira. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaupanga udongo wa chini ya barabara kwa nguvu yake, S3, S7 na S15, ambapo S3 ndio dhaifu. Sakafu ya shimo ikionyesha udongo dhaifu zaidi ya uliotarajiwa, jibu si kuongeza saruji kwenye bomba. Unachimba zaidi, unautoa ule mbovu, na kurudishia mawe au kifusi kizuri. Hii ndiyo maana ya "kuandaa udongo", na ni gharama ambayo mara nyingi haikuwekwa kwenye hesabu za mwanzo.

Kushindilia nako kuna siri yake, nayo ni maji. Udongo mkavu mno hukataa kushikana, chembe zinasuguana na kugoma. Ukilowa mno, maji yanajaza nafasi zote na unabaki kupiga uji. Katikati kuna kiasi ambacho udongo uleule, kwa kupigwa kulekule, unakaza kuliko kawaida. Mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles alilieleza jambo hili mwaka 1933, na mpaka leo maabara za udongo hutumia kipimo chenye jina lake. Kwenye eneo la kazi, fundi mzoefu anatumia kiganja. Chukua udongo kidogo, ufinye kama tonge la ugali, kisha ufungue mkono. Ukisambaratika, nyunyizia maji. Ukitoa maji kati ya vidole, uache ukauke kidogo. Ukibaki tonge, nalo ukilikata kwa vidole viwili linavunjika vipande viwili safi, washa kompakta, ile mashine ya kushindilia.

Kiganja hakitoshi kwenye kibali, bila shaka. Masharti ya kazi huandika asilimia, mara nyingi 95 ya ule ukazo mkubwa uliopatikana maabara. Kuipima, fundi wa maabara anachimba kitobo cha duara kwenye tabaka lililokwisha kushindiliwa, anaupima uzito udongo wote uliotoka, kisha anakijaza kitobo kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa lita anaujua. Mchanga ulioingia unamwambia ukubwa wa kitobo, udongo uliotoka unamwambia uzito, na kutoka hapo ni kugawanya, baada ya kutoa uzito wa maji yaliyomo kwenye udongo. Kitobo chenyewe si kazi ya muda mrefu. Nimewahi kusikia watu wakiilalamikia kana kwamba ni wiki nzima.

Tabaka ni neno la kulishika hapa. Kifusi hakimwagwi chote kwa mpigo. Kinatandazwa kwa unene wa sentimita 15 hivi, kinashindiliwa, ndipo linakuja lingine, kulia na kushoto kwa zamu. Ukijaza upande mmoja hadi juu kabla ya mwingine, bomba linasukumwa, maungio yanaachana, na mwanya wa kidole kimoja kwenye maungio unatosha kunyonya mchanga wote wa juu ndani ya misimu miwili. Juu ya bomba nako panatakiwa udongo wa kutosha, mara nyingi sentimita 60 au zaidi, kabla gari zito halijaruhusiwa.

Sasa kibali. Barabara ina mwenyewe, na kabla ya kuikata ni lazima ajulikane. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara. Ya ndani ya msitu wa hifadhi wa serikali kuu inahusu TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na ya ndani ya bustani ya umma kwa kawaida inahusu halmashauri. Kama maji yanayovuka ni kijito halisi na si mtaro wa mvua, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu nayo ina neno, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kando ya mto. Kisha kuna majirani wa chini ya ardhi: bomba la maji la DAWASA, nyaya za umeme za TANESCO, za simu. Msururu huu unachosha, najua. Ila watu wengi wanadhani kibali ni ile karatasi yenye muhuri, na kwamba ukishaipata umemaliza. Karatasi ni ruhusa ya kuanza tu. Masharti yaliyoandikwa ndani yake yanasema kazi isimame wapi ili mtu mwingine aione: shimo likishachimbwa kabla ya tandiko, bomba likishalazwa kabla ya kifusi, na matabaka yanapopanda. Hiyo ndiyo maana ya ukaguzi kabla ya kufukia. Kila hatua inaifunika iliyotangulia, na macho hayaoni chini ya udongo.

Kipupwe kilichopita nilisimama pembeni ya shimo kama hilo, kwenye njia ya changarawe ndani ya bustani moja ya jiji. Mabomba manane yalikuwa yamelala, mita nane kwa jumla. Mkaguzi alikuwa binti ambaye bila shaka hajafikisha miaka 30. Fundi mkuu alikuwa na mvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia. Tumekusubiri wewe tu, tufukie. Jua linaenda."

Hakujibu. Alivaa buti, akateremka, akaomba mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi wetu wanautumia kupimia levo. Akashika ncha moja kwenye mdomo wa juu, kijana akashika nyingine kwenye mdomo wa chini. Tofauti ilikuwa sentimita 12. Kwa mita nane hiyo ni sentimita moja na nusu kwa kila mita, maji yanatembea bila kuacha mchanga njiani na bila kukimbia hadi kuchimba mwisho wake. Akaandika. Kisha akaomba kipande cha nondo ya milimita 12, akainama na kuisukuma chini ya ubavu wa bomba la tatu. Iliingia yote hadi kwenye vidole vyake.

"Mzee, hapa pana uwazi."

"Injinia, hapo tutajaza na kifusi, kitashuka chenyewe."

"Hakishuki, mzee wangu. Kinapita juu na kuacha uwazi humo ndani. Naomba vijana watoe huu upande, washindilie kwa mti. Nitarudi saa kumi."

Mzee aliguna, akatema pembeni, akawaita vijana. Mkaguzi aliporudi saa kumi, nondo iligoma baada ya inchi moja. Akapiga picha, na futi ikiwa imeegemezwa kwenye bomba ili kipimo kionekane, akasaini fomu, akapanda juu. Hakuna aliyempigia makofi, maana kwa mtazamo wa kila aliyekuwepo alikuwa amewachelewesha kwa muda wa saa tano.

Bustanini kuna mambo yake ambayo mtaani hayasumbui. Mizizi ya miembe na mikungu haisomi ramani, na ukikata mzizi mkubwa upande mmoja mti unaweza kuangukia kazi yako masika ijayo. Udongo wa juu, ule mweusi wenye majani yaliyooza, unawekwa kando kwa ajili ya kupandia nyasi mwishoni. Ukiutumia kama kifusi, majani yake yataendelea kuoza chini ya barabara na kuacha nafasi. Na kishawishi cha kuchota kifusi palepale nyuma ya miti ni kikubwa, hasa tripu ya kifusi ikishapanda bei, lakini kibali cha kubadilisha kalavati si kibali cha kufungua machimbo. Kingine ni kuta za shimo. Mchanga wa pwani hausimami wima. Unaonekana umesimama asubuhi ukiwa na unyevu, na saa saba unamwangukia mtu aliyeinama. Shimo linachimbwa kwa kulaza kingo, hata kama linakula nafasi ya nyasi.

Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, usiangalie juu ya barabara. Teremka upande wa kutokea maji, utazame rangi ya mchanga uliojikusanya chini ya mdomo. Kijito kikiwa kimeleta tope jeusi kutoka juu, lakini hapo chini umekuta mchanga mwekundu unaofanana na kifusi, basi kifusi kimeanza kutoka, na njia ya maji nje ya bomba imeshafunguka. Weka matawi barabarani, mzuie dereva wa lori la taka, kisha mpigie mhandisi.