Fremu yako ina thamani gani, na kodi ya jengo ni ya nani?

Mwenye saluni ananunua umeme wa elfu kumi tarehe mbili ya mwezi, uniti zinakuja pungufu. Akiusoma ujumbe wa LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla, mpaka chini atakuta kipengele ambacho wengi wetu hukiruka: kodi ya jengo. Shilingi 1,500 kama fremu iko kwenye jengo la kawaida, 7,500 kwa kila sakafu kama ni ghorofa. Wanaokuja ofisini kwetu na ujumbe huo mkononi huwa na maswali mawili. La kwanza: "Mimi mpangaji tu, nyumba ya mtu nailipia kodi kwa nini?" La pili, ambalo sisi wathamini tunalipenda zaidi: "Hii 1,500 mmeipataje, nani alikuja kupima?"

La pili lina jibu fupi. Hakuna aliyekuja kupima.

Kabla ya kueleza, tutenganishe maneno, maana Kiswahili chetu kimelibebesha neno "kodi" mizigo mingi. Unachompa mwenye fremu kila mwezi ni kodi, au pango. Anachodaiwa yeye kwa sababu ana jengo ni kodi ya jengo. Anachodaiwa kwa sababu ana kiwanja ni kodi ya pango la ardhi. Na ile asilimia 10 ambayo mfanyabiashara anatakiwa kuikata kwenye malipo ya pango na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ni kodi ya zuio. Nimeshasuluhisha ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba uliodumu miezi mitatu, kumbe mmoja anaongelea pango la ardhi na mwenzake anaongelea jengo.

Turudi kwenye kupima. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 iliweka utaratibu wa thamani. Mthamini anakwenda eneo kwa eneo, anapima majengo, anakadiria thamani, anaandika kwenye daftari la uthamini. Daftari linawekwa wazi, mwenye jengo analikagua, na asiporidhika anaweka pingamizi. Halmashauri inatoza sehemu ya ile thamani. Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa mzuri. Shida ilikuwa kazi yenyewe: kuthamini majengo ya jiji zima ni gharama, mji unakua kuliko kasi ya wapimaji, na majengo mengi hayakuwahi kuingia daftarini kabisa. Aliyethaminiwa alilipa, jirani yake ambaye hajafikiwa hakulipa hata senti.

Ukusanyaji ulihamishiwa TRA mwaka 2016, na baadaye ikaonekana bora kiwango kimoja kwa wote: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu kwa ghorofa za mijini. Tarehe 20 Agosti 2021 makato yakahamia kwenye LUKU, shilingi 1,000 na 5,000 kwa mwezi. Julai 2023 yakapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Nikisema kama mtaalamu, kiwango kimoja ni rahisi kukusanya na ni kigumu kukitetea. Jengo lisilo la ghorofa lenye fremu sita kwenye kona ya Kariakoo linalipa 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba viwili nje kabisa ya mji, yenye kibanda cha chapati mbele, inalipa 18,000 hiyo hiyo. Na kuna jambo ambalo watu hawalioni haraka: kiwango kimoja kimeondoa pingamizi. Huwezi kupinga thamani ambayo haikutajwa. Ulichobaki nacho ni kupinga hesabu ya sakafu na ya mita za umeme.

Na hesabu ya mita ina mambo yake. Kodi hii ni ya jengo, si ya mita. Safu ya fremu sita mara nyingi ina mita sita, kila mpangaji na yake. Kama mita zote zinakatwa 1,500, jengo linalotakiwa kulipa 18,000 linalipa 108,000 kwa mwaka. Mwenye jengo anatakiwa kuliripoti ili mita moja ibaki na kodi na nyingine ziondolewe. Wengi hawaripoti kwa sababu haziwatoki wao; zinatoka kwa wapangaji, kidogo kidogo, kila anayenunua umeme.

Hapo tunafika kwenye swali la kwanza. Mdaiwa kisheria ni mwenye jengo. LUKU ni njia ya kukusanyia tu. Mpangaji aliyekatwa amemlipia mwenye jengo deni lake, na ana haki ya kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya fremu. Ukilipa pango la miezi sita kwa mpigo, makato ya 1,500 ni 9,000. Kwa fremu iliyoko ghorofani, ambako mita yako ndiyo inayobeba sakafu nzima, ni 45,000. Hifadhi zile jumbe za LUKU. Kwenye mkataba andikeni sentensi moja tu: kodi ya jengo italipwa na nani, na kama ni mwenye nyumba, itakatwa kwenye malipo yapi. Kuhusu msamaha wa wazee wa miaka 60 na zaidi, unahusu nyumba anayoishi mzee mwenyewe. Fremu anazopangisha hazimo.

Basi tuseme unataka kujua thamani halisi. Labda unauza, labda benki inataka dhamana, labda barabara inapita na kuna fidia. Mthamini anafanya nini hasa?

Kwa jengo la biashara tunaanza na pango, kwa sababu mnunuzi wa fremu hanunui matofali, ananunua kodi za miaka ijayo. Chukua mfano wa safu ya fremu sita, kila moja laki tatu kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 21.6. Lakini hakuna jengo linalojaa mwaka mzima: mpangaji anahama, fremu inakaa mwezi na nusu ikisubiri mwingine, dalali anadai chake. Nikitoa asilimia 10 inabaki milioni 19.44. Toa mlinzi, bima, rangi, bomba lililopasuka na kodi za serikali, tuseme milioni 4.44. Mwenye jengo anabaki na milioni 15 safi.

Swali linalofuata ndilo lenye utaalamu: mnunuzi wa eneo hilo anakubali pesa yake imrudishie asilimia ngapi kwa mwaka? Akikubali asilimia 8, jengo ni milioni 187.5. Akitaka 10, kwa kuwa mtaa umepoa au hati ina mashaka, ni milioni 150. Tofauti ya milioni 37.5, na hakuna tofali lililosogezwa. Kwa hiyo ukiona wathamini wawili wamekuletea ripoti mbili zisizolingana, usikimbilie ukurasa wa mwisho wenye jumla. Tafuta asilimia waliyotumia na waulize wameitoa wapi. Anayejua kazi yake atakutajia mauzo ya karibuni ya majengo ya jirani.

Shughuli ngumu zaidi kwetu iko kwenye ile laki tatu. Ni ya kweli?

Kwanza, ni kabla ya kodi ya zuio au baada? Wenye nyumba wengi husema "mimi nataka laki tatu mkononi." Mpangaji anayefuata sheria analazimika kuhesabu 333,333 ili akitoa asilimia 10 ibaki laki tatu. Mkataba unasema 300,000, pango halisi ni 333,333.

Pili, kilemba. Mtu anaachia fremu yenye wateja na anayeingia anamlipa kilemba, nje ya mkataba, mara nyingi bila risiti. Kama kilemba ni milioni 6 na mkataba umebaki na miaka mitatu, huyo anayeingia anabeba kiasi cha 166,667 zaidi kila mwezi. Fremu ya laki tatu kwa macho ya mtaa ni fremu ya karibu laki nne na sitini na saba. Nani anaifaidi hiyo ziada? Si mwenye jengo. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye vizimba vya sokoni na fremu za halmashauri: aliyepangishwa kwa bei ya halmashauri anampangisha mwingine kwa bei ya soko na kukaa nyumbani. Mthamini akichukua mkataba kama ulivyo bila kukaa na wapangaji wawili watatu na kunywa nao kahawa, ameandika thamani ya makaratasi.

Tatu, fremu hazilingani hata zikiwa na ukubwa mmoja. Mita za mraba za mbele, zinazotazama barabara, ndizo zinazouza. Kadiri unavyoingia ndani kila mita inazidi kupoteza thamani. Fremu pana yenye kina kifupi inaishinda fremu nyembamba ndefu kama behewa, ingawa futi za mraba ni zile zile. Kona ina bei yake. Sakafu ya chini ina bei yake, na ya pili inashuka sana isipokuwa ngazi ziko mbele na zinaonekana. Chini ya ardhi kuna mkanganyiko: watu wameyageuza maegesho na misingi kuwa stoo na maduka, pango limepanda, lakini jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 limewafanya wanunuzi waanze kuuliza michoro na vibali kabla ya kuuliza kodi ya mwezi. Mimi naona wamechelewa kuuliza.

Pale ambapo hakuna pango la kulinganisha, kama shule au kiwanda ambacho hakuna anayekipangisha, tunakadiria gharama ya kulijenga upya leo na kupunguza uchakavu. Njia hii inapendwa kwa sababu haihitaji kubishana na madalali. Kwa fremu za biashara, mimi naitumia kama kipimo cha pili tu.

Majirani zetu wamechagua vipimo tofauti. Nairobi hutoza ardhi bila kuhesabu jengo lililo juu yake, na kwa miongo ilitegemea daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980: wenye viwanja walilipa asilimia 34 ya thamani ya enzi za Rais Moi, kabla ya daftari jipya kuja na asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Ukisikia 34 unashtuka, ukisikia 0.115 unafurahi, na wengi waliofurahi walikuta bili imepanda. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2005, inatumia pango la mwaka ambalo jengo lingeweza kuingiza. Kampala inatoza asilimia 6 ya kiwango kinachobaki baada ya kutoa matumizi, na nyumba anayoishi mwenyewe haiguswi. Mizizi ya utaratibu wa pango ni Uingereza, ambako orodha ya thamani iliyoanza tarehe 1 Aprili 2026 imejengwa juu ya mapango ya tarehe 1 Aprili 2024. Siku moja kwa nchi nzima, ili duka la mjini na la kijijini yapimwe kwa soko moja.

Kwetu, mimi ningependa kitu cha katikati. Si lazima tuthamini kila jengo upya. Miji ingegawanywa kwa mitaa yenye pango linalokaribiana, kila mtaa ukapewa kiwango cha mita ya mraba, na fremu ikalipa kulingana na ukubwa na upande inaotazama. Ile safu ya fremu sita ya mfano wetu inaingiza milioni 21.6 na kulipa 18,000: haifiki shilingi moja kwa kila elfu. Mwenye jengo hilo hataumia akiongezewa. Mama wa chapati anaumia na hiki cha sasa.

Ukihitaji ripoti ya uthamini, hakikisha anayeisaini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya sheria ya mwaka 2016. Dalali mwenye uzoefu wa miaka 20 bado si mthamini. Ripoti za fidia na za shughuli nyingine za kiserikali hupita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Benki itakuonyesha namba mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na ya pili huwa ndogo. Hujaibiwa, ni makadirio ya bei ambayo jengo lingepata likipigwa mnada.

Mthamini akija, mwandalie hati au barua ya umiliki, mikataba ya wapangaji wote hata iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, risiti za pango la ardhi, kibali cha ujenzi, na namba za mita zote za umeme. Mwambie na kilemba kilichopita. Atapima ukuta kwa nje, atahesabu milango, atapiga picha, na huenda akasimama barabarani nusu saa akihesabu watu wanaopita. Msimfukuze, hiyo nusu saa iko kwenye ripoti.