Kaktasi ya Krismasi Imenyauka? Toa Mizizi Nje Kabla ya Kumwagilia

Ukiona pingili za kaktasi ya Krismasi zimelegea na kukunjamana kama ganda la embe lililokaa siku nyingi, usikimbilie maji. Mmea wenye kiu na mmea uliooza mizizi hufanana kabisa kwa juu, maana kwa vyote viwili maji hayafiki kwenye pingili. Mmoja umekosa maji ya kunywa. Mwingine umezama majini lakini hauna tena mdomo wa kunywea, na ukiuongezea maji unaumaliza. Hapa Nairobi, hasa kati ya Juni na Agosti, ule wa pili ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi.

Anza kwa kuinua chungu. Chungu cha kipenyo cha sentimita 12 kilichokauka huwa chepesi mkononi, na mara nyingi udongo umejitenga na ukuta wake. Ukikizamisha hadi nusu katika beseni la maji kwa dakika 30, kisha ukiache kichuruzike, pingili zitanyooka ndani ya siku moja au mbili. Hiyo ni kiu, na tiba imekwisha. Lakini chungu kikiwa kizito huku pingili zimelegea, hata asubuhi na mapema kabla jua halijawaka, tatizo liko chini.

Sasa utoe mmea. Tandaza gazeti, laza chungu ubavu, shika shina karibu na udongo na ugonge kitako cha chungu kwa kiganja. Usivute. Bonge la udongo likitoka, linuse kwanza: udongo wenye afya hunukia kama msitu baada ya mvua, ulioharibika hunuka kama mtaro. Kisha shika mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uuvute taratibu. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa ya chai, na unarudi kama uzi wa mpira. Mzizi uliooza ni wa kahawia iliyokolea. Ganda lake linavuka kama soksi na kukuachia mkononi uzi mwembamba wa katikati. Ukiona soksi hiyo imevuka, umepata jibu.

Jina la kaktasi ndilo linalotupoteza. Schlumbergera, yaani mmea huu kwa jina la kisayansi, si wa jangwani. Kwao ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika nyufa za miamba, mizizi ikishikilia majani makavu yaliyooza nusu. Mvua na ukungu huulowesha mara kwa mara, ila maji hupita na hewa huingia papo hapo. Mizizi yake ni mifupi na myembamba, na bila hewa haiwezi kuishi. Sisi nao tunaununua kando ya barabara ukiwa katika udongo mwekundu uliochanganywa na samadi. Udongo huo hushindiliwa na maji hadi ukawa kama tofali bichi, na sehemu ya katikati hubaki mbichi hata juu pakionekana pakavu. Februari chungu kinaweza kukauka kwa siku 6. Julai, mawingu yakitanda wiki nzima, chungu kile kile huchukua wiki 2 hadi 3. Anayemwagilia kila Jumamosi mwaka mzima anakuwa sawa Februari na anaua mmea Julai. Mizizi ikikosa hewa hudhoofika, na vimelea vya pithiamu na fitoftora, vinavyostawi penye maji mengi, humalizia kazi.

Tiba inategemea mizizi mingapi imebaki hai. Ikiwa ni nusu au zaidi, mmea unaokoka. Osha bonge chini ya maji yanayotiririka polepole hadi udongo wa zamani utoke, kata kila mzizi wa kahawia kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti ya duka la dawa, kisha punguza na juu: ondoa takriban theluthi moja ya pingili kwa kuzinyonga kwenye kiungo, kwa kuwa mizizi iliyobaki haiwezi kulisha mmea wote. Acha mizizi ikauke kivulini usiku mmoja. Dawa ya ukungu yenye metalaksili, inayouzwa kwenye maduka ya agroveti, husaidia dhidi ya pithiamu na fitoftora mradi ufuate kipimo kilicho kwenye pakiti. Ila dawa haifidii udongo mbaya, na mimi siitumii kabla ya kubadilisha udongo.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu 2 za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa, sehemu 2 za pamisi yenye punje za milimita 4 hadi 8, na sehemu 1 ya mboji iliyoiva kabisa. Pamisi ni yale mawe mepesi yenye vitundu yanayochimbwa Bonde la Ufa, na wauza miche wengi wanayo. Ukiikosa, tumia makaa yaliyopondwa punje za ukubwa huo huo, lakini chekecha vumbi lote. Kokopiti ioshwe maji mara mbili au tatu, kwani inaweza kuwa na chumvi. Usitumie mchanga laini wa ujenzi: hujaza nafasi za hewa.

Chungu kiwe kidogo. Hapa ndipo huruma huleta hasara, mtu akiuhamishia mgonjwa nyumba kubwa. Acha sentimita 2 tu kati ya mizizi na ukuta, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Chungu cha udongo wa mfinyanzi chenye tundu ni bora kuliko cha plastiki kwa mmea unaougua. Ukishapanda, kaa siku 5 hadi 7 bila kumwagilia, ili vidonda vya mizizi vifunge, kisha anza na mililita 100. Baada ya hapo mwagilia tu pale sentimita 3 za juu zinapokauka. Mwaga hadi maji yatoke chini, na baada ya dakika 15 umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Usitie mbolea hadi uone pingili mpya. Ukifika wakati huo, tumia mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa nusu ya kipimo, mara moja kwa mwezi. Mbolea za CAN na DAP za shambani ziache shambani. Chumvi yake huunguza mizizi hii.

Mizizi hai ikiwa chini ya theluthi moja, usihangaike na mmea mama. Chukua vipandikizi. Fanya hivyo pia, bila kusubiri, ukiona doa la rangi ya chungwa au kahawia kwenye shina pale linapokutana na udongo. Hiyo mara nyingi ni fusariamu, ukungu unaoozesha shina. Kata shina kwa upana wake utazame: nyama ikiwa na pete ya kahawia katikati, sogea juu zaidi na ukate tena, hadi upate kijani kisafi kisicho na doa. Chini ya hapo kila kitu kitupwe pamoja na udongo wake, wala kisiende kwenye mboji. Chungu kiloweke katika maji yenye jiki (dawa ya klorini ya kufulia), sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji, kwa nusu saa.

Kipandikizi kizuri kina pingili 2 au 3. Kisokote, usikate, ili kitoke kwenye kiungo. Kikauke kivulini siku 2, au 3 wakati wa baridi. Kipande chenye vimizizi vya waridi vinavyoning'inia hewani huwahi kushika kuliko vingine. Chomeka sentimita 1 tu ya kitako katika mchanganyiko ulio na unyevu wa sponji iliyokamuliwa, vipande 3 kwa kikopo cha sentimita 8. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, funika kwa chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 6, na Julai huchelewa zaidi. Ukigusa kipande kikakataa kung'oka, kimeshika.

Si kila dalili ni kuoza. Pingili zikigeuka zambarau, jua limezidi: kwetu, karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, jua la mchana ni kali. Angalia pia dirisha lenyewe, kwani la kaskazini hupata jua Juni na la kusini Desemba. Linalotazama mashariki ndilo salama mwaka mzima. Pamba nyeupe kwenye viungo ni vidung'ata. Vifute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, urudie kila siku 7 kwa wiki 4, na uchunguze mizizi pia. Pingili changa zikiwa za manjano na wewe unatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, ambayo mara nyingi ni ya alkali, mmea unashindwa kuchukua chuma. Badili utumie maji ya mvua. Shina la chini kuwa gumu na la kahawia kavu kwenye mmea wa miaka mingi ni uzee tu.

Kuhusu maua, mmea uliopona unaweza kukaa miaka bila kuchanua sebuleni, na sababu ni taa. Mmea huu huanza vitumba usiku ukiwa mrefu, nao usiku wa Nairobi ni wa karibu saa 12 tu mwaka mzima, na taa huufupisha zaidi. Baridi ya usiku ya nyuzi 10 hadi 13 inaweza kuziba pengo hilo, ndiyo maana ule ulioachwa verandani Julai huchanua wakati wa ndani umelala. Ukitaka maua ya Desemba, kuanzia katikati ya Septemba ufunike kwa katoni kutoka saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku, kwa wiki 6, na upunguze maji kidogo. Mwanga wa taa wa dakika chache kila usiku unatosha kuharibu kazi. Vitumba vikifika ukubwa wa punje ya mchele, acha kufunika, rudisha maji ya kawaida, na usiuhamishe tena. Usiuweke mezani pamoja na ndizi zinazoiva: hutoa gesi ya ethilini, na vitumba vitapukutika kabla ya kufunguka.