La Rochelle: bandari iliyofungwa mdomo kwa mawe

Sisi wa makumbusho tukitaja mji wa ngome uliozingirwa, wageni huuliza kwanza habari za mizinga. La Rochelle, bandari ya Waprotestanti magharibi mwa Ufaransa, iliangushwa na njaa, na njaa hiyo ililetwa na tuta.

Tangu Amri ya Nantes ya 1598, Waprotestanti wa Ufaransa, yaani Wahugenoti, waliruhusiwa kuabudu na kushika miji kadhaa yenye ngome. Mfalme Louis XIII na waziri wake, Kadinali Richelieu, hawakuvumilia mji wenye kuta na merikebu zake wenyewe, tena rafiki wa Waingereza. Mwaka 1573 jeshi la kifalme lilikuwa limeuzingira likashindwa kuuteka.

Safari hii, kuanzia Septemba 1627, nchi kavu ilizungushiwa mahandaki na maboma. Kisha mhandisi Clément Métezeau akaziba ghuba kwa tuta la karibu kilomita moja na nusu. Wanajeshi walichomeka nguzo, wakamwaga mawe, wakazamisha vyombo vikuukuu vilivyojazwa vifusi. Katikati waliacha upenyo ili maji yapwe na kujaa bila kulisomba tuta. Huo ndio ujanja wenyewe. Juu yake ikapangwa mizinga.

Merikebu za Waingereza zilikuja Mei 1628, zikaja tena mwishoni mwa Septemba, zisiweze kupenya. Mjini waliliwa farasi, mbwa, paka na panya, hata ngozi za viatu zikachemshwa. Wazee, wanawake na watoto walitolewa nje ili chakula kisiishe upesi. Askari wa mfalme wakawakatalia njia, na watu hao wakafia kati ya kuta na mahandaki. Meya Jean Guiton, baharia wa siku nyingi, husimuliwa kuwa alichomeka jambia mezani na kuapa kumuua nalo atakayetamka kusalimu amri. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini ukaidi wake ni wa kweli.

Mji ulisalimu amri Oktoba 28, 1628. Kati ya watu kama 27,000 walibaki kiasi cha 5,000. Siku chache baadaye dhoruba ikabomoa sehemu ya tuta.

Kuta za upande wa bara zilibomolewa, ila minara ya mlangoni mwa bandari imesimama hadi leo. Mmoja unaitwa mnara wa Mnyororo, kwa mnyororo uliovutwa kufunga bandari. Mwaka 1629, kwa mapatano ya Alès, Wahugenoti waliachiwa ibada, wakanyang'anywa ngome. Ibada nayo ilipigwa marufuku mwaka 1685.