Bati linakimbia, unalipimaje bila kuligusa?

Kuna mteja alirudi kiwandani na tepu mkononi, oda yake ilikuwa bati za mita 3 na kila alilopima limepungua milimita 6 hivi, jinsi alivyofoka ungedhani tumemuibia paa zima. Nikaenda kwenye mashine nikamkuta mchawi, kigurudumu.

Iko hivi, mashine inavuta koili, yaani rola la bati lililoviringishwa, bati linapita kwenye roli, juu yake kuna kigurudumu chenye enkoda, yaani kihesabu mizunguko, kinachozunguka nalo, mizunguko ikitimia kisu kinashuka. Chetu kilikuwa na kipenyo cha milimita 100 kikalika mpaka 99.8. Unaweza kuidharau hiyo 0.2 ila kigurudumu kikipungua kinazunguka mara nyingi zaidi kwa urefu uleule, mashine inajua mita 3 tayari kumbe imepita 2.994. Bati likiwa na mafuta mambo yanageuka, kigurudumu kinateleza, bati linapita bila kuhesabiwa, linatoka refu na hapo mteja kimyaaa, anayelia ni bosi.

Huko nyuma nilikuwa kiwanda cha nyaya tukitumia leza, na sio ile ya kupima umbali, hii inapima mwendo. Mwale mmoja unagawanywa kuwa miwili, inakuja kukatizana juu ya kitu kinachopita, na pale inapokatizana inajichora mistari ya mwanga na giza, myembamba balaa. Sasa uso wa chuma hata uwe laini vipi una vikwaruzo, kila kikwaruzo kikivuka ile mistari kinawaka kinazima kinawaka kinazima. Mistari ikiachana mikromita 10, yaani milimita 0.01, na mzigo ukaenda mita 1 kwa sekunde, mwanga unaorudi unapepesa mara 100,000 kwa sekunde, ukihesabu hiyo una mwendo, ukijumlisha mwendo kwa muda una urefu. Sio mambo ya jana, Yeh na Cummins walishapima mwendo wa maji kwa leza mwaka 1964 huko Marekani.

Ninachokipenda zaidi, mistari ile iko sambamba, kwa hiyo bati likirukaruka juu chini kipimo hakiyumbi ilimradi halijatoka pale miale inapokutana. Kamera hapo inadanganyika, kitu kikiisogelea kinaonekana kikubwa, halafu kwa mwendo huohuo wa mita 1 ukiiacha wazi milisekunde 1 tu picha imeshavutika milimita nzima.

Swali zuri aliniuliza dogo mmoja wa fildi, je bati likirudi nyuma? Kweli, kupepesa kwa kwenda na kwa kurudi ni kulekule. Wanachofanya ni kuubadili kidogo masafa mwale mmoja, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, mistari yenyewe inakuwa inatembea, basi hata bati likisimama kuna namba, likienda inapanda au inashuka kulingana na upande.

Ila leza ifunge imenyooka na njia ya bati bana. Ikipinda digrii 1 kwenye mita 3 unakosea nusu milimita, ikipinda 5 ni milimita 11, na nimeshakuta fundi kaifunga kwa kukadiria na jicho. Jicho lenyewe usilisogeze kwenye ule mwale.

Bosi nikampelekea bei ya leza. Akaisoma mara mbili, akaniambia nikanunue kigurudumu.